Chemba ya Bunduki ya Filemon

Filemon aliileta bunduki ile Jumanne moja mwanzoni mwa mwezi wa pili, mwaka sabini na tano, ikiwa imefungwa ndani ya gunia la kahawa. Aliilaza juu ya meza ya fundi, akajifuta jasho kwa kofia yake ya kazi.

"Shikamoo, Fundi. Maganda yanakwama."

"Marahaba. Yanakwama kila mara, au mara moja moja?"

"Risasi ya kwanza ganda linatoka vizuri. Ya pili au ya tatu, bunduki ikishapata moto, komeo halifunguki. Juzi kule Kahe nililigonga kwa kisigino cha buti ndipo likaachia. Bahati nzuri nyati alikuwa amekwisha kufa. Sasa angekuwa mzima, Fundi, ningemwambia anisubiri?"

Alicheka peke yake. Balbir Singh hakucheka. Alikuwa ameshaichukua bunduki na kuigeuzia dirishani.

Wakati huo Balbir alikuwa na miaka hamsini na tisa, na ndiye fundi bunduki pekee aliyekuwa amebaki Moshi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoijenga baba yake, hatua chache kutoka stesheni ya reli. Tangu Serikali ilipotaifisha majumba, mwaka sabini na moja, nyumba hiyo ilikuwa chini ya Msajili wa Majumba, naye akawa mpangaji katika vyumba alimozaliwa. Zamani wawindaji walikuja kwake kutoka Arusha na hata Nairobi. Serikali ilipopiga marufuku uwindaji, mwaka sabini na tatu, wateja wale waliisha kwa wiki moja. Ndugu zake wawili walikuwa wamehamia Kanada. Mkewe, Harbans, alikwenda Uingereza kumsaidia binti yao aliyejifungua, akasema atakaa miezi mitatu. Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Barua zake zilikuwa na maneno yale yale: njoo, chumba chako kipo, hapo unasubiri nini?

Siku hizi Balbir alitengeneza mashine za kumenyea kahawa na majiko ya mafuta ya taa. Lakini leseni yake ya silaha ilikuwa bado ukutani ndani ya fremu, na mtu akimuuliza kazi yake alisema, fundi bunduki.

Filemon alikuwa askari wa wanyamapori, mmoja wa wale ambao watu wazima bado waliwaita mabwana nyama. Kazi yake ilikuwa kuwafukuza nyati na viboko waliovamia mashamba ya mahindi na mpunga kule Kahe, na ikibidi kuwaua. Nyumbani kwake kulikuwa Mbokomu, juu mlimani, alikokuwa na mke na binti mmoja. Askari wengine waliacha bunduki zao mlangoni wakaenda sokoni. Filemon alivuta kigoda, akakaa, akanywa chai, akaongea. Mara nyingine alikuja bila bunduki.

"Mama bado hajarudi?" aliuliza siku hiyo.

"Bado."

"Mwandikie kwamba unapika vibaya. Atakuonea huruma."

"Anajua tayari."

Balbir aliingiza taa ndogo nyuma ya mtutu, akachungulia kwenye chemba, pale ambapo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa. Alijua atakachokiona hata kabla ya kukiona. Mtu fulani miaka iliyopita aliiacha bunduki ile na unyevu, na kutu ilikuwa imekula chuma, ikaacha vidoa vya mashimo madogo. Risasi ikilipuka, ganda la shaba hutanuka kwa joto na kujibana kwenye kuta za chemba. Kuta zikiwa laini, shaba hunywea tena na ganda hutoka. Zikiwa na makovu, shaba huyang'ang'ania.

"Itapona?" Filemon aliuliza.

"Nitaisugua. Niachie mpaka Ijumaa."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kwa kuisimulia. Unazungushia kipande cha msasa laini kwenye kijiti, unakipaka mafuta, unakiingiza ndani ya chemba na kukizungusha huku ukikipeleka mbele na kukirudisha nyuma bila kusimama. Unatoa, unafuta, unachungulia. Baba yake Balbir alikuwa akisimama nyuma yake na kumwambia aondoe ukali tu, asiondoe chuma. Ukikawia mahali pamoja utachimba. Utaacha mfereji wa mviringo usioonekana kirahisi, na siku ganda litakapotanuka, litatanukia humo, na halitatoka.

Kuna jambo ambalo Balbir hakuwa amemwambia mtu yeyote. Tangu mvua za mwaka uliopita jicho lake la kulia lilikuwa na ukungu, na sasa la kushoto lilianza kulifuata. Mwanzoni alidhani ni kioo cha taa, akakisafisha. Baadaye aliacha kujidanganya, lakini hakwenda hospitali, kwa sababu daktari angeandika, na kilichoandikwa husomwa. Nani angempa fundi kipofu bunduki ya Serikali? Alijifunza kukadiria. Alijua vyombo vyake kwa mahali vilipo na vipimo kwa uzito wa vitu mkononi.

Aliisugua chemba ile Jumatano nzima na Alhamisi asubuhi. Vidoa viwili vilikuwa vya kina kuliko vingine, akavirudia. Alichungulia akaona mng'ao tu, mng'ao mweupe usio na mwanzo wala mwisho, akauchukua kuwa ulaini. Zamani, kabla ya kumrudishia mtu silaha, alikuwa akiyeyusha salfa, ule unga wa njano wenye harufu kali, akaimimina ndani ya chemba. Ikipoa hutoka ikiwa na umbo kamili la chemba, nawe unaweza kulipima na kulipapasa. Lakini salfa yake ilikuwa imekwisha, madukani haikuwepo, na alikuwa amechoka. Ofisi ya wanyamapori ilikuwa imempa risasi mbili za kujaribia. Alikwenda kwenye shimo la mchanga ng'ambo ya Shirimatunda, akapiga moja, akakaa kupumzika, akapiga ya pili. Maganda yote mawili yalitoka kama yamepakwa siagi.

Ijumaa Filemon alifungua na kufunga komeo mara tano, sita, akifurahia mlio wake.

"Fundi, hii sasa ni mpya."

"Isafishe kila unapoitumia. Usiiache na unyevu."

"Nitaitunza kama mke." Akaichukua, akaondoka.

Aliuawa mwezi wa nne, siku ya pili baada ya Pasaka, kwenye shamba la mahindi pembezoni mwa msitu wa Kahe. Balbir alizipata habari sokoni, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akimpimia vitunguu na kuzungumza na jirani yake. Bwana nyama mmoja kauawa na nyati. Yule mrefu, wa Mbokomu. Balbir alilipa vitunguu, akaviacha pale pale juu ya meza.

Siku nne baadaye ofisa wa wanyamapori wa wilaya, Aminieli, alikuja karakana na bunduki ileile na karatasi. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupenda mambo yaishe. Alivua kofia kabla ya kuingia.

"Ndugu Balbir, pole. Najua alikuwa rafiki yako."

"Ilikuwaje?"

"Alikuwa na mkulima mmoja. Nyati alikuwa amejeruhiwa tangu usiku kwa mkuki. Filemon alipiga risasi mbili, zote zikampata, lakini hakuanguka. Hapo ndipo mkulima alipokimbia kupanda mti. Anasema alimwona Filemon akihangaika na bunduki, anaivuta, anaipiga kwa mkono, halafu nyati akamfikia." Aminieli alitazama kofia yake. "Tulipoiokota bunduki ilikuwa saa mbili baadaye. Tukalifungua komeo, likafunguka vizuri kabisa. Ganda likaanguka majanini. Kwa hiyo tunadhani alishtuka, akasahau afanye nini. Wengine wanasema alikuwa amekunywa, maana ilikuwa sikukuu. Mimi sijui. Makao makuu wanataka fundi aandike hali ya silaha, basi."

Balbir aliishika bunduki. Alilivuta komeo, likateleza. Aliingiza ganda tupu, akalitoa. Kisha akaingiza kidole chake cha mwisho ndani ya chemba kadiri kilivyofika, na kwenye ncha ya kidole, mahali ambapo pangepaswa kuwa tambarare, akahisi kitu. Labda bonde jembamba. Labda mafuta yaliyoganda. Alikitoa kidole haraka kama aliyegusa jiko.

"Ni nzima?" Aminieli aliuliza, kalamu mkononi.

"Ni nzima," alisema Balbir.

Akatia sahihi pale alipoonyeshwa.

Miezi iliyofuata aliishi kama mtu aliyefunga mlango na kukaa nyuma yake. Alipokea mashine za kahawa, akazirudisha. Jumapili alikwenda hekaluni kwao, ambako sasa walikuwa wakikutana watu saba au wanane kwenye ukumbi uliojengwa kwa ajili ya mia mbili, na baada ya sala walikula chapati na dengu bila maneno mengi, kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake anasubiri viza. Barua ya Harbans ilikuja, hakuijibu. Kigoda cha Filemon alikihamishia chumba cha nyuma. Alipokuwa akila alijikuta akimweleza Filemon mambo, kwa sauti, kisha akanyamaza katikati ya sentensi.

Mwezi wa nane, kahawa ilipoanza kuiva, mwanamke aliyevaa nguo nyeusi aliingia karakana. Nyuma yake mwanamume wa kukodi alikuwa amebeba mashine ya kumenyea kahawa, akaishusha chini, akaondoka.

"Shikamoo, Baba. Wewe ndiye Fundi?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Mimi naitwa Ruth. Mama Elinipendo. Mke wa Filemon."

Balbir alisimama. Alimwambia pole. Ruth aliipokea, akakaa kwenye benchi la mlangoni.

"Alikuwa akitusimulia sana habari zako," alisema. "Nikasema mashine hii ikiharibika siipeleki kwa mtu mwingine. Gurudumu halizunguki."

Balbir alipiga magoti mbele ya mashine. Alishukuru kwamba ilikuwa chini na kwamba uso wake haukuonekana. Akaanza kufungua skrubu.

"Baba, nikuulize kitu," Ruth alisema baada ya muda. "Wewe ulimjua. Alikuwa mtu wa kulewa?"

"Hapana. Hapa alikunywa chai tu."

"Basi huko kwetu wanasema alikuwa amelewa. Kwamba pombe ya mbege ya sikukuu ilikuwa bado kichwani. Yeye aliyekuwa akiimba besi kanisani miaka kumi na miwili. Wengine wanasema aliogopa, akasahau bunduki inavyofunguliwa. Mtoto wangu anaulizwa shuleni kama kweli baba yake alikuwa mwoga." Sauti yake haikupanda. "Nilikwenda kwa ofisa. Akaniambia fundi aliipima bunduki, ikawa nzima. Si ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ilikuwa nzima?"

Skrubu ilianguka, ikabingirika chini ya meza. Balbir alipapasa sakafuni kuitafuta, akapapasa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ndivyo nilivyoandika," alisema.

Ruth alitikisa kichwa taratibu, kama mtu ambaye tumaini lake la mwisho lilikuwa dogo na hakushangaa kulikosa. Mashine ilipokuwa tayari aliita mbebaji, akashukuru, akaondoka. Aliacha kichane cha ndizi juu ya benchi. Balbir hakukiona mpaka jioni alipokikalia.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwenye duka la chama cha ushirika, ambako salfa ya kunyunyizia mibuni ilikuwa imefika msimu huo, akaiomba. Wakampa robo kilo ndani ya gazeti. Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Aminieli.

"Naomba ile bunduki."

"Ipi?"

"Unaijua."

"Ndugu Balbir, faili lile limekwisha fungwa."

"Naiomba kwa siku moja. Kaa nami ukitaka, uone ninachofanya."

Aminieli alimtazama, kisha akatuma funguo za stoo ya silaha ziletwe. Alikwenda naye karakana, akakaa kwenye benchi, akiwa na wasiwasi wa mtu aliyeletwa kutazama operesheni. Balbir aliuziba mtutu kwa kitambaa mbele ya chemba, akaipaka chemba mafuta, akayeyusha salfa kwenye kopo juu ya jiko. Harufu ilijaa chumba, Aminieli akakohoa. Salfa ilipokuwa nyepesi kama asali ya moto, Balbir aliimimina, akaiacha igande. Kisha akaisukuma taratibu kwa ufito kutoka upande wa mbele, na umbo la chemba likatoka mkononi mwake, jembamba, la njano, lenye joto kidogo.

Hakujaribu kulitazama. Alifumba macho, akapitisha ukucha wa kidole gumba kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukucha uliteleza, ukateleza, kisha ukapanda kitu, ukashuka. Alirudia. Pale pale. Mviringo mzima, kama pete.

"Leta mkono wako," alimwambia Aminieli. "Pitisha ukucha hapa."

Aminieli alifanya hivyo. "Kuna kitu kama uvimbe."

"Kwenye salfa ni uvimbe. Kwenye chuma ni shimo. Mimi ndiye niliyelichimba mwezi wa pili, wakati nikisugua. Ganda likipata moto linavimba linaingia humo, halitoki mpaka bunduki ipoe. Ndiyo maana mlipoifungua baadaye ilifunguka." Akaliweka umbo lile mezani. "Filemon hakusahau kitu. Alifanya kila kilichotakiwa kufanywa. Komeo halingefunguka hata kwa watu wawili."

Nje gari moshi la mizigo lilikuwa likibadilisha njia, mabehewa yakigongana.

"Hukuliona?"

"Sioni, Aminieli. Tangu mwaka jana sioni vizuri. Na siku ile uliponiletea karatasi nililigusa kwa kidole, nikasema ni nzima."

"Unajua nikiandika haya nini kitatokea. Leseni itakwenda. Huenda wakakufungulia mashtaka. Na yeye hatafufuka." Aminieli alisogea karibu. "Mzee wangu, leseni hii ikienda, utabaki na nini hapa mjini?"

Balbir alifikiri kama kweli alitaka kulijibu swali lile.

"Andika," alisema. "Nitasaini."

Jumamosi hiyo alipanda Mbokomu kwa miguu. Hakuwa amepanda njia ile tangu ujana wake. Vumbi la mjini lilikwisha, ardhi ikawa nyeusi na yenye unyevu, migomba ikafunga pande zote mbili mpaka njia ikawa kijia chenye giza la kijani. Kwa macho yake migomba yote ilikuwa ukuta mmoja. Aliuliza njia mara tano. Watu walimwonyesha kwa upole, kisha aliwasikia nyuma yake wakiulizana Kalasinga huyu anakwenda kwa nani. Mara mbili alijikwaa kwenye mifereji ya maji. Alipofika kwa Ruth kilemba chake kilikuwa kimelowa jasho na goti moja lilikuwa na tope.

Ruth alikuwa akianika kahawa kwenye kichanja uani. Alimletea kiti, akamletea maji. Balbir hakukaa wala hakunywa, kwa sababu alijua akikaa na kunywa itakuwa vigumu zaidi. Alimweleza yote akiwa amesimama: msasa, pete ndani ya chuma, macho yake, sahihi yake. Ilichukua muda mfupi kuliko alivyodhani.

Ruth aliendelea kusambaza kahawa kwa kiganja, punje kwa punje, kama hajasikia.

"Nilipokuja na mashine," alisema mwishoni, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nashuku."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia ndivyo ulivyoandika."

"Ndiyo."

Aliifuta mikono yake kwenye kanga. Balbir alisubiri matusi, na angeyapokea kama mtu mwenye kiu. Hayakuja.

"Ngoja hapo," Ruth alisema.

Aliingia kwenye nyumba ndogo ya pembeni, akatoka amemshika mkono mama mzee aliyejifunga kitambaa kichwani. Huyo alikuwa Tabitha, mama yake Filemon. Hakujua Kiswahili ila maneno machache.

"Rudia," Ruth alisema. "Nitamwambia kwa lugha yetu."

Balbir alirudia. Safari hii alisema sentensi moja, akasubiri Ruth aigeuze kuwa Kichagga, akasema nyingine. Ilikuwa kazi ndefu. Mama mzee alimtazama mdomo wake, kisha mdomo wa mkwewe. Walipomaliza aliuliza kitu.

"Anauliza kama mwanawe aliteseka muda mrefu."

"Mwambie sijui. Sikuwapo. Mwambie aliyekuwapo anasema ilikuwa upesi."

Mama mzee alisema maneno mengine mengi, kwa sauti ya chini, akimwelekea Balbir moja kwa moja. Ruth hakuyatafsiri, na Balbir hakuuliza. Alinamisha kichwa mpaka mama yule akamaliza na kurudi ndani.

"Kesho ni Jumapili," Ruth alisema. "Utakuja kanisani. Utasimama mbele ya wale wanaosema alikuwa mlevi, useme hivyo hivyo ulivyosema hapa. Usipokuja, sitakufuata mjini."

"Nitakuja."

Alilala kwa mwinjilisti, mtu ambaye hakumuuliza kitu, akampa chumba na blanketi. Asubuhi ibada ilipokwisha watu walitoka nje, wakakusanyika uani kwa ajili ya mnada wa sadaka. Ndizi, mayai, kuku wawili waliofungwa miguu na chupa ya maziwa vilikuwa vimepangwa juu ya majani. Kabla mnada haujaanza mwinjilisti aliinua mkono, akasema kuna mgeni mwenye neno.

Balbir alipanda ngazi ya pili ya kanisa. Hakuona nyuso, aliona rangi tu, nyeupe na buluu na nyeusi, zikitikisika kidogo juani. Labda ilikuwa heri. Alisema jina lake na kazi yake. Alisema Filemon alimletea bunduki kwa sababu ilikuwa mbovu, kama askari mwangalifu anavyofanya, na kwamba yeye, fundi, aliifanya iwe mbovu zaidi, kisha akaandika kwamba ni nzima. Alisema siku ile Filemon hakuwa mlevi wala mwoga. Alisimama mbele ya nyati akijaribu kufungua kitu kisichofunguka, na wakati huo mkulima aliyekuwa naye alipata nafasi ya kupanda mti.

Kuku mmoja akapiga mabawa.

"Kwa hiyo ni wewe uliyemuua?" sauti ya mwanamume mzee iliuliza kutoka kushoto.

"Ni kazi ya mikono yangu," alisema Balbir. "Ndiyo."

Alishuka ngazi. Watu walimpisha kwa upana kuliko ilivyohitajika, na alipokuwa amefika njiani alisikia mnada ukianza nyuma yake, bei ya mayai ikiitwa taratibu, bila uchangamfu.

Chini kidogo ya kanisa, njia ilivuka mfereji mpana juu ya gogo moja. Alisimama akilitafuta gogo kwa mguu. Hapo mtu alimshika kifundo cha mkono. Alimtambua kwa nguo nyeusi. Ruth alitangulia, akamvusha hatua kwa hatua, akakiachia kifundo chake upande wa pili, akarudi alikotoka. Balbir hakuthubutu kusema asante.

Mashtaka hayakufunguliwa. Wiki tatu baadaye Aminieli alikuja mwenyewe, badala ya kumtuma mtu, kuchukua leseni na daftari la silaha. Alileta habari kwamba taarifa ya kifo ilikuwa imeandikwa upya, na kwamba nakala ilikuwa imepelekwa Mbokomu, ikasomwa kanisani, na jina la Filemon lingechorwa kwenye ubao wa ofisi pamoja na askari wengine waliokufa kazini.

"Yeye alisema nini?" Balbir aliuliza. "Ruth."

"Aliichukua karatasi, akaisoma yote, akaikunja."

"Hakusema kitu?"

"Aliniuliza ubao uko upande gani wa ofisi, ili akija na mtoto asipate taabu kuutafuta."

Aminieli alikaa kidogo, akatazama mahali ukutani fremu ilipokuwa. Alimwambia Balbir aende hospitali. Macho ya namna ile siku hizi yanapasuliwa na mtu anaona. Balbir alisema atakwenda. Wakapeana mikono, ofisa akaondoka.

Ilikuwa bado saa tisa alasiri na hakukuwa na kazi mezani. Balbir alifunga mlango, akatembea mpaka stesheni, akakaa kwenye benchi la abiria. Treni ya Tanga ilikuwa ikipakia. Akina mama walipitisha vikapu na watoto madirishani, mtu akaita jina la mtu mwingine, mtu akacheka. Hakuweza kuzitofautisha nyuso, lakini alisikiliza sauti, moja baada ya nyingine, mpaka filimbi ikapulizwa na mabehewa yakaanza kusogea. Watu waliokuja kusindikiza walipunga mikono, wakatawanyika kwenda majumbani. Akakaa hapo mpaka mfagiaji alipomfikia, akainua miguu ili apite.